Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Mimi ni mkazi wa Kunduchi, wilaya ya Kinondoni. Mume wangu ni mvuvi. Hapa kwetu tunapanda mikoko. Vijana kutoka nchi za nje huja kujitolea pamoja nasi.

Tunapanda maji yakipwa. Mbegu ya mkoko huota ingali juu ya mti. Tunaichomeka topeni, ncha ikiwa chini. Wageni hufanya kazi kwa bidii. Tope haliwatishi. Lakini baada ya wiki mbili hurudi makwao.

Je, nani atailinda miche hiyo? Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, lakini chupa bado huletwa na maji na kuilalia miche. Wengine hukata mikoko kwa kuni.

Kamba na samaki wadogo hukulia katika mizizi ya mikoko. Mikoko ikiisha, nyavu zitatoka tupu. Nyavu zikiwa tupu, mtoto atakosa daftari.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji akikaa kitako, hatapona. Mgeni hupanda siku moja. Wewe na mimi tuilinde miche kila siku.