Siku tatu Unguja na watoto: Chagua mtaa kabla ya chumba

Wazazi wengi wanaopanga kuwapeleka watoto Zanzibar wakati wa likizo huanza na bei ya chumba. Hutazama picha za kitanda, huuliza kama kuna feni au kiyoyozi, kisha hutuma fedha za kushikia nafasi. Mtaa ilipo nyumba hiyo huja kujulikana siku ya kufika, begi likiwa mkononi na mtoto amelala begani.

Kwa safari ya wiki mbili, kosa hilo hurekebishika. Kwa safari ya siku tatu, mtaa ndio unaoamua mambo karibu yote: watoto watatembea kiasi gani juani, watakula wapi, bibi atapanda ngazi ngapi na, jambo ambalo wachache hulifikiria, gari litafika wapi iwapo mtoto atapandwa na homa saa nane usiku.

Gari halifiki kila mlango

Mji Mkongwe, ulioingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya Unesco mwaka 2000, una mitaa iliyokuwepo kabla ya magari. Vichochoro vyake vingi hupitika kwa miguu, baiskeli na pikipiki tu. Ndiyo raha yake. Kuna kivuli mchana kutwa, wazee wamekaa barazani na milango ya nakshi iko kila upande. Mtoto wa miaka kumi ataufurahia kuliko ufukwe.

Lakini ukilala ndani kabisa, Kiponda, Hurumzi au Mkunazini, teksi itakushusha pembezoni na safari iliyobaki ni ya miguu. Mchana si tatizo. Usiku, mtoto mwenye pumu akibanwa kifua au mwenye selimundu akianza kulia kwa maumivu, mzazi atambeba gizani akitafuta barabara katika mji asioujua, ambao hata mwenyeji mpya hupotea.

Familia yenye mtoto wa namna hiyo, mjamzito au mzee asiyeweza kutembea sana ichague pembezoni mwa Mji Mkongwe.

Malindi iko jirani na bandari. Likizo ya Juni huangukia msimu wa upepo wa kusi, bahari huchafuka na watoto wengi hutapika ndani ya boti kutoka Dar es Salaam. Mtoto aliyefika akiwa hoi anahitaji kitanda cha karibu, na hapo ndipo Malindi inapofaa. Ubaya wake ni kelele za bandari na pilikapilika za soko la samaki.

Shangani iko upande wa bahari, karibu na bustani ya Forodhani na boti za kwenda kisiwa cha Changuu kuwaona kobe wakubwa. Mtoto mdogo anaweza kurudi kulala mchana kisha akatoka tena jioni. Bei nyingi hapa zimepangwa kwa ajili ya watalii wa nje, mara nyingi kwa dola. Uliza bei ya Mtanzania kabla ya kukata tamaa. Hoteli kadhaa huwa nayo ingawa hawaitangazi.

Vuga haitajwi sana na wageni, lakini mzazi mwenye wasiwasi wa afya aitazame kwanza. Kuna utulivu, barabara ya gari inafika, na Hospitali ya Mnazi Mmoja iko jirani, kwenye Barabara ya Kaunda. Kutoka hapo hadi Forodhani ni matembezi mafupi.

Ng'ambo na nje ya mji

Ukivuka Barabara ya Benjamin Mkapa pale Darajani, unaingia Ng'ambo. Mitaa kama Mlandege, Kikwajuni na Michenzani, penye majumba marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964, ndiko wanakoishi wenyeji wengi. Gesti na nyumba za kupangisha kwa siku hulipwa kwa shilingi, duka la dawa haliko mbali, chakula ni cha bei ya mwenyeji, na Darajani panafikika kwa miguu. Familia ya watu watano yenye bajeti ndogo itapata vyumba viwili huku kwa fedha ambayo Shangani ingetoa kimoja.

Mbweni na Chukwani upande wa kusini, au Bububu upande wa kaskazini, kuna nafasi, miti na nyumba zenye jiko. Ni mahali pazuri kwa anayetaka kupumzika. Lakini kila kwenda Mji Mkongwe ni daladala au teksi, na watoto wadogo huchoka njiani kabla hawajaona kitu. Kwa siku tatu, piga hesabu ya nauli za familia nzima kwenda na kurudi, uijumlishe kwenye bei ya chumba. Nyumba iliyoonekana rahisi inaweza kuwa ghali kuliko ya mjini.

Jiko nalo lina faida yake. Ramadhani ikiangukia ndani ya likizo, migahawa mingi hufungwa mchana na kula hadharani ni kuwakosea heshima wenyeji. Mtoto wa miaka minne hawezi kusubiri futari.

Nyumba yenyewe

Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na nyingi ni za zamani sana. Beit al Ajaib, lililokamilika 1883 mbele ya Forodhani, liliporomoka sehemu yake Desemba 25, 2020. Si kila jengo liko hatarini, lakini ni haki ya mzazi kuuliza nyumba ilikarabatiwa lini na kukikataa chumba chenye nyufa kubwa au ukuta unaotoa maji. Unyevu huleta ukungu, na ukungu humwamsha mwenye pumu usiku.

Ngazi ni jambo la pili. Nyingi ni nyembamba na zenye mwinuko mkali, na chumba cha familia huwekwa juu. Omba cha chini. Kama kuna sehemu ya kukaa juu ya paa, uliza urefu wa ukuta wake na kama mlango wake hufungwa. Anayetambaa na anayejifunza kutembea hawafai kuachwa huko hata dakika moja.

Tatu ni chandarua. Utafiti wa viashiria vya malaria wa 2022 ulionyesha maambukizi kwa asilimia 8 ya watoto wa chini ya miaka mitano Tanzania Bara, na chini ya asilimia 1 Zanzibar. Hivyo wengi hudhani chandarua si lazima. Mbu wapo, na malaria haijaisha. Uliza kama kila kitanda kina chandarua kisichotoboka, kikiwamo cha mtoto.

Homa ya siku ya pili

Takwimu hizo zina maana nyingine ambayo wazazi huikosa. Dalili za malaria kwa kawaida huanza siku saba au zaidi baada ya kuumwa na mbu. Mtoto wa Morogoro au Dodoma akipata homa siku ya pili Unguja, huenda aliondoka nayo nyumbani. Usimpe paracetamol ukasubiri mpaka mrudi; apimwe siku hiyohiyo, na daktari aambiwe mmetoka wapi.

Mtoto anayetapika kila kitu, asiyeweza kunywa, aliyelegea au aliyepata degedege hasubiri asubuhi. Hapo ndipo umbali wa mlango hadi barabara unapohesabiwa kwa dakika.

Mzazi abebe ORS, zinki, dawa za kila siku za mtoto na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Mwenye kadi ya bima aulize kabla ya safari ni vituo gani vya Unguja vinavyoipokea.

Simu moja kabla ya kulipa

Kabla ya kutuma fedha, mpigie mwenye nyumba. Salimia vizuri, Unguja salamu haikatishwi, kisha uliza mambo matano: gari linafika mlangoni au tunatembea kiasi gani? Chumba kiko ghorofa ya ngapi? Kila kitanda kina chandarua? Maji ya kunywa tunapata wapi? Mtoto akiugua usiku, nani wa kutuitia gari, na hospitali ya karibu ni ipi?

Anayejibu bila kuzungukazunguka, hata kama jibu ni kwamba gari halifiki, anafaa kufikiriwa. Anayerudia tu kuwa chumba ni kizuri na picha mmeziona, mwacheni, mpige namba nyingine.