Gongo Ugenini



Wasomaji wetu watatuwia radhi leo. Ukurasa huu wameuzoea kwa mambo ya malezi, ya ndoa na ya mirathi, nasi tunakusudia kuzungumza habari za kriketi. Wapo watakaosema kuwa sheikh amepotea njia. Hao tunawaomba wasome mpaka chini, kisha wahukumu.

Mchezo huu tuliujua tungali watoto wa chuoni. Jirani yetu alikuwa mzee wa Kihindi, Muislamu, mwenye duka la vitambaa. Kila Pakistan ilipocheza, mzee huyo aliiweka redio yake juu ya meza ya kukatia nguo, na wateja wakaachwa wajipimie wenyewe. Yeye ndiye aliyetueleza nini mikimbio na nini wiketi, na yeye ndiye aliyetuhadithia habari za Hanif Mohammad. Januari 1958, mjini Bridgetown, Barbados, Pakistan walitolewa wote kwa mikimbio 106 na kulazimishwa kupiga tena papo hapo, wakiwa nyuma kwa 473. Hanif akaingia na gongo lake, bila ya kofia ya kumkinga kichwa, akakaa uwanjani saa 16 na dakika 10. Alipotoka alikuwa na mikimbio 337, na mechi ikaisha sare. Mzee alikuwa akilihadithia jambo hili kama mtu anayehadithia vita vya zamani, nasi tukaondoka pale na fikra moja: mwanamume hodari ni hodari popote atakapopelekwa. Fikra hiyo tulikaa nayo miaka mingi, na ilikuja kutugharimu, kama tutakavyoeleza.

Mechi ya Test huchezwa siku tano, na timu inayosafiri hucheza mechi tatu, nne au tano za namna hiyo katika nchi moja. Safari inaweza kuchukua miezi miwili na zaidi. Katika safari hizo huonekana jambo la ajabu. Mpigaji anayetisha kwao hufika ugenini akawa kama mwanagenzi. Kwa nini?

Sababu ya kwanza ni udongo na mpira wenyewe. Uingereza hutumia mpira wa Dukes, Australia hutumia Kookaburra, India hutumia SG, na kila mmoja una mshono wake na tabia yake. Uingereza mawingu yakitanda, mpira hupinda hewani dakika ya mwisho, wakati mpigaji amekwisha kuamua. Australia mpira hudunda ukapanda mpaka kifuani. India vumbi likichimbuka siku ya tatu au ya nne, mpira wa mzungushaji hugeuka kama uliokatwa kisu. Mpigaji hana muda wa kufikiri. Mkono wake hufanya yale uliyozoea tangu utotoni, na yale uliyozoea ndiyo yanayomponza. Dada zetu watalifahamu hili upesi kuliko wanaume. Mwanamke aliyepika pilau miaka ishirini katika jiko lake, mpeleke jikoni kwa wakwe zake, kwenye moto asioujua na sufuria asizozizoea. Wali utaungua chini na juu uwe mbichi, na mawifi watasema hajui kupika.

Mfano wake ni Virat Kohli wa India. Mwaka 2014 alikwenda Uingereza, akapiga mara kumi katika mechi tano, na jumla ya mikimbio yake yote ikawa 134. Mrushaji mmoja, James Anderson, alimtoa mara nne. Mwaka 2018 akarudi kwenye nchi ile ile, akamkuta Anderson yule yule, akapata mikimbio 593, mingi kuliko mchezaji yeyote wa pande zote mbili. Alikuwa amejifunza kusimama mbele zaidi, aukute mpira kabla haujamaliza kupinda. Hakuwa ameongezewa mkono wa tatu.

Zamani kujifunza huko kulipewa nafasi. Timu zilikwenda kwa meli, na Australia walipozuru Uingereza mwaka 1948 walicheza mechi 34, na katika hizo za Test zilikuwa tano tu. Siku hizi wachezaji hushuka kwenye ndege na baada ya siku chache wako uwanjani.

Lakini tunaona kuwa shida kubwa haimo kwenye udongo. Mrushaji akikosea, baada ya nusu dakika hupewa mpira mwengine ajaribu tena. Mpigaji akikosea mara moja, kazi yake imekwisha. Hukaa kitako mchana kutwa akiwatazama wenzake, usiku hurudi kwenye chumba cha hoteli, na ndani ya chumba kile hana jengine ila kosa lake. Akiwa kwao angerudi nyumbani, mtoto akamrukia, mama akamuuliza kama amekula. Ugenini hakuna wa kumsahaulisha. Hulilalia kosa lile na kuliamkia, na mechi inayofuata huingia nalo uwanjani.

Marcus Trescothick alikuwa mpigaji wa kutegemewa wa Uingereza. Mwaka 2006 aliondoka India katikati ya safari, na Novemba ya mwaka huo huo akaondoka Australia kabla ya mechi ya kwanza ya Test. Baadaye alieleza waziwazi katika kitabu chake kuwa alishikwa na maradhi ya huzuni na wasiwasi. Mtu huyo aliendelea kuichezea Somerset, timu ya kwao, mpaka mwaka 2019. Basi ujuzi haukumtoka. Kilichomshinda ni kuwa mbali.

Baada yake akaja Jonathan Trott. Novemba 2013, mjini Brisbane, Mitchell Johnson alimtoa mara mbili, mara ya kwanza kwa mikimbio 10, ya pili kwa 9. Kabla ya mechi ya pili ikatangazwa kuwa anarudi Uingereza kwa maradhi yanayotokana na msongo wa moyo. Siku ile sisi tulikuwa barazani baada ya Isha, na kahawa inapita. Habari ilipotajwa, wenzetu walicheka, nasi, Mwenyezi Mungu atusamehe, tulisema kwa sauti ya mtu anayetoa fatwa: "Mwanamume hakimbii kazi."

Miaka mitano baadaye kijana wetu alikwenda Doha kufanya kazi kwenye ghala, kwa mkataba wa miaka miwili. Hapa mjini alikuwa mchangamfu, mkono wake mwepesi kwa kila kazi, na hatukuwa na shaka naye. Miezi ya mwanzo alituma salamu ndefu. Kisha zikawa fupi. Mama yake alikuwa wa kwanza kugutuka, alitwambia, "Sauti ya mtoto si ile niijuayo." Tukamjibu kuwa ni simu tu. Usiku mmoja akatupigia mwenyewe na kusema, "Baba, kazi imenishinda, nakosea kila siku, nataka kurudi." Nasi tukamjibu kwa yale yale maneno ya barazani, neno kwa neno. Akanyamaza. Kisha akasema, "Haya, Baba," akakata simu.

Alikaa miezi minne zaidi. Aliporudi tulimpokea uwanja wa ndege, na mama yake akampita bila ya kumtambua.

Tangu hapo tumekuwa tukimfikiri mpigaji mwengine, ambaye hakutushughulisha tulipoisikia habari yake mara ya kwanza. Julai 2012, katika uwanja wa The Oval mjini London, Hashim Amla, Muislamu wa Durban, aliipigia Afrika Kusini mikimbio 311 bila ya kutolewa. Alikaa zaidi ya saa 13, na hakuna mtu wa nchi yake aliyewahi kufika 300 kabla yake. Ramadhani iliingia mechi ikiendelea, na watu wakamuuliza habari ya saumu. Alijibu kuwa yuko safarini, na siku zake atazilipa akirudi kwao. Barazani tulijadili mikimbio 311. Lile jibu tulilipita.

Nasi ni walimu. Kila mwaka tunawasomesha watoto ruhusa za msafiri: sala zake hupunguzwa, saumu yake huahirishwa. Wanafunzi wetu wanaijua Hadithi inayotaja safari na yale inayomzuilia mtu, chakula chake, kinywaji chake na usingizi wake. Sheria imekiri kuwa msafiri si yule mtu aliye nyumbani, ikampunguzia mzigo bila ya kumwita mvivu. Amla aliikubali ruhusa ile mbele ya ulimwengu, na gongo lake halikutetereka. Sisi tuliyeisomesha miaka thelathini hatukuona kuwa kijana wetu naye alikuwa anaiomba.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 India walirudi kutoka Australia wakiwa wameshindwa mechi tatu kwa moja. Kohli alikuwa amepiga mia moja mjini Perth, kisha akawa anatolewa kwa kosa lile lile, kuufuata mpira ulio nje, mpaka jumla yake ikawa 190 katika zamu tisa. Wakuu wa mchezo wakapitisha kanuni: katika safari inayozidi siku 45, mke na watoto wasikae na mchezaji zaidi ya wiki mbili. Wanasema wachezaji wapate kutulia na kazi. Huenda wana hoja yao, maana timu ni timu na si safari ya matembezi. Lakini hatuoni kuwa mke ndiye aliyempeleka Kohli kuufuata mpira ule. Yeye mwenyewe aliipinga kanuni ile hadharani, akasema mtu aliyepitia siku ngumu hapendi kurudi kukaa peke yake chumbani na majonzi yake. Mama wa nyumba hii alipotusikia tukiisoma habari hiyo alitutazama tu, asiseme kitu.

Kijana wetu sasa ana duka lake dogo la vipuri vya baiskeli, na baadhi ya siku hufunga mapema akaja kukaa nasi kutazama mechi. Juzi mpigaji mmoja kijana, aliye safarini, alitolewa bila ya mkimbio hata mmoja. Baraza ikaanza: hana moyo huyu, kalewa sifa, arudishwe kwao. Tukafungua kinywa nasi tuseme letu. Kijana wetu akatutangulia, akauliza kwa upole, "Yuko huko siku ngapi?"

Hakuna aliyekuwa amehesabu.