Namba Chini ya Rangi
Mtu anunuapo lori kuukuu la vita la Waingereza, kama vile Bedford OY la tani 3, hutamani kulipaka rangi mpya siku hiyo hiyo. Afadhali angoje. Ubavuni mwa boneti jeshi liliandika namba: L ilikuwa herufi ya malori, Z ya magari madogo ya mizigo, A ya ambalansi. Baada ya vita kwisha mwaka 1945 magari mengi yaliuzwa kwa raia, nao wakafunika namba hizo kwa rangi. Mchunguzi mwenye subira husugua kwa maji na msasa laini, tabaka baada ya tabaka, mpaka namba itokee. Kisha huitafuta katika daftari zilizosalia, ajue gari liliundwa kwa agizo gani. Mwenye pupa hukwangua yote, na gari lake halina tena jina. Subira yavuta heri.