Upungufu Uliokuwa Kwenye Skrini

Mimi ni keshia katika chama cha akiba na mikopo huku Chepkoilel, nje kidogo ya Eldoret kwenye barabara ya Ziwa. Wanachama wetu ni wakulima wa mahindi na maziwa, akina mama wa sokoni, na wafanyakazi wa chuo kikuu ambacho wengi hapa bado hukiita Chepkoilel, ingawa tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Eldoret. Chama changu sitakitaja, wala kampuni iliyotuuzia mfumo mpya wa kompyuta. Ninayoyaeleza yanawapata makeshia wengi, na wengi wanakatwa mishahara kimyakimya.

Mfumo wa zamani ulikuwa wa polepole, lakini tuliuzoea. Huu mpya ulitufikia Januari, wazazi wakiwa foleni kutoa akiba za karo. Mafunzo yalikuwa mafupi, na viongozi wakaamua ule wa zamani uzimwe siku ile ile. Uamuzi huo ulituumiza kuliko kasoro yoyote ya mashine, kwa sababu tulibaki bila kitu cha kulinganisha nacho.

Kwanza zilipotea sifuri. Namba za uanachama zinazoanza na sifuri zilipohamishwa, sifuri ilikatika: 0417 akawa 417, na kama 417 mwingine alikuwapo tangu awali, akiba za wawili zikaingiliana. Jina halikutusaidia kuwatenganisha, maana rejista yetu imejaa akina Kiprop na akina Jepkosgei. Mzee mmoja aliyefuata karo ya mjukuu wake aliambiwa na skrini kwamba hana hata shilingi.

“Binti yangu, pesa zangu zimeenda wapi?”

“Mzee, pesa zako zipo. Mashine ndiyo imeshindwa kuziona. Nipe kitabu chako na kitambulisho.”

Kitabu chake cha akiba, chenye mihuri ya miaka mingi, ndicho kilichomtetea mbele ya meneja. Tangu siku hiyo nilitafuta kila mwanachama kwa namba ya kitambulisho cha taifa, na waliokuja na vitabu vyao niliwasihi wasivitupe.

Kasoro ya pili ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa iligusa droo yangu. Skrini iliganda katikati ya muamala. Keshia akibonyeza tena, mfumo uliandika mara mbili. Mwanachama ameweka shilingi 5,000, kompyuta inasema 10,000, na jioni droo ina 5,000. Kwa mfumo, keshia amepungukiwa. Kwa mwanachama, salio limeongezeka, na ni wachache wanaorudi kulalamika kwamba salio limeongezeka.

Nilinunua daftari gumu. Kila muamala niliuandika kwa kalamu: saa, namba ya mwanachama, kiasi, namba ya risiti, na kwa malipo ya M-Pesa, msimbo wa ujumbe. Skrini ilipoganda niliweka alama pembeni na kuacha kubonyeza. Nilifungua kwanza taarifa ya akaunti kuona kama pesa zimeingia. Jioni nilihesabu noti na sarafu kabla ya kuangalia kiasi ambacho mfumo ulitaka niwe nacho, mwenzangu akishuhudia, kisha tukatia sahihi sote wawili. Mpangilio huo una maana kubwa. Ukishaiona namba ya mashine, unajikuta unaitafuta namba hiyo badala ya kuhesabu. Malalamiko yote kwa kampuni niliyaandika kupitia kwa meneja, kwa sababu simu haiachi ushahidi.

Hata hivyo waraka ukatoka: kila upungufu ungekatwa kwenye mshahara wa keshia, na mimi pia nikakatwa. Hapo ndipo nilipoisoma sheria mwenyewe. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamruhusu mwajiri kukata upungufu wa pesa unaotokana na uzembe au kukosa uaminifu kwa mfanyakazi ambaye mkataba wake unasema wazi kwamba amekabidhiwa pesa. Kwa hiyo upungufu peke yake hautoshi. Sababu yake lazima ijulikane. Na Sheria yetu ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inapoeleza masharti ya kupokea rekodi za kompyuta mahakamani, inataka kompyuta hiyo iwe imefanya kazi sawasawa wakati ule, au kasoro yake isiwe imeathiri usahihi wa rekodi.

Uingereza ilifanya kinyume, na watu waliangamia. Kuanzia 1999 shirika la posta la huko, Post Office, lilitumia mfumo uitwao Horizon, uliotengenezwa na Fujitsu. Wasimamizi wa posta ndogo, wengi wao wakiwa watu wa vijijini na mitaani kama sisi, walionekana kuwa na upungufu ambao haukuwapo. Zaidi ya 900 walihukumiwa. Baadhi walifungwa, wengine walifilisika, na wapo waliojiua. Mwaka 2015, katika posta ya Dalmellington, Uskochi, skrini iliganda, kitufe kikabonyezwa tena na tena, na pauni 8,000 zikaandikwa mara nne. Niliposoma habari hiyo niliiona kaunta yetu. Ni Desemba 2019 tu ambapo Mahakama Kuu ya Uingereza ilitamka kwamba mfumo ule haukuwa wa kutegemewa, na Mei 2024 ndipo bunge lilipopitisha sheria ya kufuta hukumu hizo. Miaka yote hiyo watu waliambiwa kuwa kompyuta haikosei.

Nilimpelekea meneja daftari pamoja na nakala ya vifungu vile viwili. Nashukuru kwamba alisoma. Kampuni ilipolazimishwa kufungua kumbukumbu za ndani za mfumo, miamala pacha ilionekana: mwanachama yule yule, kiasi kile kile, sekunde chache kati yake. Makato yalirudishwa. Lakini keshia wa kaunta ya pili alikuwa ameshaacha kazi, akiwa amekatwa zaidi yangu na kuitwa mwizi mbele ya wateja. Pesa zake alipelekewa. Kazini hakurudi, na hakuna kiongozi aliyesimama mbele ya wateja wale wale kumwomba radhi. Hilo bado linaniuma.

Viongozi wa vyama vya akiba, nawaomba: mkinunua mfumo mpya, uendesheni sambamba na wa zamani mpaka mfunge hesabu za mwezi mzima na namba zilingane. Msiuwashe Januari. Na kabla ya kukata hata shilingi moja kwenye mshahara wa keshia, idaini kampuni kumbukumbu za mfumo, mzisome keshia huyo akiwa ameketi nanyi mezani.