Gari hupimwa kila Jumamosi, baba je?

Kila Jumamosi asubuhi, jijini Birmingham, Uingereza, baba mmoja Mtanzania hupiga magoti mbele ya nyumba yake akiwa na futi kamba. Anapima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi. Mwanaye wa miaka 15 anaandika kwenye daftari. Kulia mbele, sentimita 35. Kushoto mbele, 33. Kitabu cha gari kinataka takriban 37.

Gari lenyewe ni MGF, lile dogo la michezo lililotengenezwa hapohapo Birmingham, kiwanda cha Longbridge, kuanzia mwaka 1995 hadi 2002. Lina viti viwili. Familia ina watu wanne. Mama watoto alipoliona linaingia alihesabu viti, akahesabu watoto, akarudi ndani bila kusema neno.

MGF halikuwekewa springi za chuma kama magari mengi. Kila gurudumu linabebwa na kopo lenye naitrojeni upande mmoja na kimiminika upande wa pili, katikati kuna utando wa mpira. Kopo la mbele limeunganishwa kwa paipu na la nyuma upande uleule, hivyo gurudumu la mbele likipanda tuta, kimiminika husukumwa kwenda nyuma na gari halichezi sana. Mfumo huu unaitwa Hydragas. Aliyeubuni ni mhandisi Mwingereza Alex Moulton, yuleyule wa baiskeli za magurudumu madogo, na ulianza kutumika kwenye Austin Allegro mwaka 1973.

Baada ya miaka mingi kimiminika huvuja, naitrojeni nayo hupenya taratibu. Gari linashuka kidogo kidogo, mwenyewe asijue, mpaka siku tumbo linapokwaruza tuta la barabarani au tairi zinapolika upande wa ndani.

Gereji mbili zilimkatalia baba huyo, hazina pampu ya kujazia. Mwishowe alimpata mzee mmoja wa Kiingereza, fundi mstaafu, aliyekuja na pampu ya mkono. Kabla ya kuigusa vali alitaka tairi zijazwe upepo sawasawa, gari lisimame mahali tambarare, kisha lisukumwe mbele na nyuma ili litulie. Kukiwa na baridi kali hapimi, kwa kuwa gesi husinyaa na gari hukaa chini kuliko kawaida yake. Alimkataza kijana kupeleka hata mkono chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake.

Alipojaza, gari lilipanda kama ngamia anayeinuka. Kushoto 37, kulia 37. Baba alipiga makofi. Mzee hakupiga. Alilikandamiza gari kwa mikono miwili, likagoma kubonyea. Akaeleza kwamba kimo kimerudi ila gesi iliyotoka haijarudi, na kimiminika hakifanyi kazi ya gesi. Litaonekana zima, lakini kila shimo litafika mgongoni kwa dereva. Dawa ni kubadilisha makopo, nayo hayapatikani kirahisi.

Wakiwa mezani jioni ile, kijana akauliza, "Baba, presha yako ni ngapi?"

Mama aliacha kupakua. Mwaka uliopita baba alipewa dawa za shinikizo la damu. Alizimeza wiki chache, akajisikia vizuri, akaacha. Kipimo cha nyumbani kilikuwa juu ya friji, kimefunikwa na barua za benki. Mama alikuwa amesema, akasema, akachoka kusema. Wanaume wengi wako hivi: gari likikohoa watalala gereji, lakini kwao wenyewe wanasubiri kwanza waanguke. Na shinikizo la damu mara nyingi halina dalili yoyote, ndiyo maana linaua watu waliokuwa "wazima".

"Mimi sijambo," baba alijibu.

"Hata gari ulisema halina shida, Baba. Mpaka tulipopima."

Ukimya ulikuwa mrefu. Kisha baba mwenyewe akanyanyuka kwenda kwenye friji. Aliketi dakika tano bila kuongea, mgongo umeegemea kiti, miguu sakafuni, mkono juu ya meza, kama maelekezo ya kipimo yanavyotaka. Ikasoma 168 kwa 102. Wakasubiri kidogo, wakarudia: 164 kwa 100. Kwa kawaida daktari huanza kuwa na wasiwasi pale kipimo cha kliniki kinapofika 140 kwa 90, na kwa kipimo cha nyumbani kiwango huwa chini zaidi.

Kijana aliandika namba hizo kwenye daftari lilelile, chini ya za magurudumu. Mama akainamisha uso kwenye sufuria.

Jumatatu baba alipiga simu kwa daktari wake, na dawa ameanza upya. Jumamosi sasa vinapimwa vitu viwili, yeye akitangulia. Gari bado linadunda, naye bado anatafuta makopo. Mama watoto anachouliza ni kilekile: watoto watakaa wapi?