Mume wangu anachora simba, kwetu simba alikula watu

Kuna wanawake wanaogombana na waume zao kwa ajili ya nyumba ndogo, wengine kwa ajili ya bia na mpira. Mimi na wangu tuligombana kwa ajili ya simba. Tena simba wa kuchorwa! Usicheke, maana ugomvi wenyewe ulikula karibu mwezi mzima, na kodi ya nyumba ilikuwa inanukia.

Nianze na mtu mwenyewe. Mume wangu ni mchoraji wa Tingatinga, wale wa Oysterbay jijini Dar es Salaam. Nilimfahamu kikazi. Nilikwenda kumhoji kwa makala ya kurasa mbili, nikatoka na mahojiano ya saa tatu na doa la rangi ya bluu kwenye gauni ambalo halijatoka mpaka leo. Anapenda wanyama kupita kiasi. Paka wote wa mtaani wanajua saa yake ya kurudi nyumbani. Mjusi akiingia sebuleni anafunguliwa dirisha kwa heshima zote, na akimkuta nyoka njiani anasimama kumpisha kana kwamba ni mkwewe. Kwetu ni mende tu ambaye hana mtetezi, na hapo ni kwa sababu mimi niliweka mguu chini.

Picha zake umeziona hata kama humjui. Simba mwenye macho makubwa na kope kama za bibi harusi, twiga shingo imejipinda kama herufi, kanga madoadoa mwili mzima. Mtindo huo ulianzishwa na Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliyekuja Dar es Salaam kutafuta maisha kama vijana wengi wa kusini. Mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kupaka rangi za mafuta, zile za kupakia baiskeli, kwenye vipande vya hadibodi, akawa anauza nje ya Morogoro Stores kwa wageni waliokuwa wakiishi eneo lile. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu, akafa akiwa na miaka kama 40 tu. Hesabu mwenyewe, kazi yake ya uchoraji haikufika hata miaka mitano. Lakini ndugu na wanafunzi wake hawakuweka brashi chini. Mwaka 1990 wakaunda ushirika wao, na mwaka 2010 watoto wa Uingereza wakaanza kuangalia katuni ya Tinga Tinga Tales, iliyotengenezwa Nairobi kwa mtindo uleule wa hadibodi ya Oysterbay.

Sasa, katika ukoo wote huo wa wachora simba, wangu alikuwa na jambo moja alilolificha vizuri. Simba wa kweli alikuwa amemwona mara moja tu maishani, kwenye banda la maonyesho ya Sabasaba, amelala. Nilipomuuliza anamchoraje mnyama asiyemjua, akanijibu, "Kwani malaika wanaochorwa makanisani, nani kawaona?" Nikanyamaza. Ana maneno huyo.

Basi tulipooana ikabidi nimpeleke kwa watu wa mama yangu, Dimani, wilaya ya Kibiti. Ukitoka Mbagala unashika barabara ya kusini, unapita Mkuranga, unafika Kibiti, halafu unamalizia na bodaboda ukiwa umeshikilia mizigo na roho yako. Mume wangu alikataa kwenda mikono mitupu. Mbali na sukari na khanga za mama wadogo, alibeba picha aliyoichora wiki tatu, simba dume mkubwa wa rangi ya dhahabu, anatabasamu. Zawadi ya Mjomba.

Mjomba ndiye aliyenipeleka shamba nikiwa mdogo, ndiye aliyesimama siku ya posa yangu. Aliipokea ile picha kwa mikono miwili, akasema ahsante mkwe wangu, Mungu akujalie. Akaitazama sana. Halafu akaiegemeza ukutani, uso wa simba ukiangalia udongo.

"Mjomba, umeiweka kinyume," mume wangu akasema, anadhani mzee haoni vizuri.

"Sijakosea, mwanangu. Yule akae hivyohivyo, tule kwanza."

Mjomba hasemi neno "simba" jua likishazama. Anasema "yule". Na si yeye peke yake.

Nimweleze msomaji ambaye hakuwahi kusikia. Kati ya Agosti 2002 na Aprili 2004, simba mmoja aliua watu wapatao 35 katika vijiji vinane vya Rufiji. Wakati huo Kibiti bado haijawa wilaya, sote tulikuwa Rufiji moja. Watu walimpa jina la Osama. Askari wanyamapori walipomuua wakakuta si mzee wala kilema kama hadithi zinavyopenda. Alikuwa kijana, miaka mitatu na nusu hivi, ila gego lake limepasuka na chini yake kuna jipu kubwa. Mimi nilikuwa shule ya msingi Dar es Salaam. Ninachokumbuka ni kwamba likizo hizo hatukupelekwa Dimani, na mama alikuwa akipata salamu kutoka kwao anauliza kwanza, "Wote wapo?" ndipo anauliza habari nyingine.

Usiku ule, baada ya wali na samaki, Mjomba alisimulia. Kila mtu anauliza kwa nini watu wa Rufiji walikuwa wanalala nje, kana kwamba ni uzembe. Mashamba yetu mengi yako mbali na nyumba. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968, serikali iliwahamisha watu wa bondeni ikawaweka kwenye vijiji vya huku juu, lakini rutuba haikuhama nao. Kwa hiyo mpunga na mahindi yakikaribia kukomaa unahamia shamba, unajenga dungu, unalala huko kuamia usiku kucha. Unaamia nini? Nguruwe pori. Kundi la nguruwe likiingia shambani usiku mmoja tu, asubuhi unakuta mihogo imefukuliwa na mahindi yamelala kama yamepitiwa na trekta. Na huku kwetu wengi ni Waislamu, nguruwe akiuawa haliwi, kwa hiyo hata kumwinda ni hasara ya nguvu bila kitoweo.

"Yule hakuja kutufuata sisi," Mjomba akasema. "Alimfuata nguruwe. Akamkuta mlinzi wa nguruwe amesinzia."

Nilirudi Dar nikaenda kusoma, si unajua sisi waandishi, hatuamini mpaka tuone kwenye karatasi. Mwaka 2005 Craig Packer na wenzake, wakiwemo Watanzania Dennis Ikanda na Bernard Kissui, waliandika kwenye jarida la Nature kwamba tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua watu wasiopungua 563 nchini, wengi kusini na pwani, na wengi msimu wa mavuno. Na waliposaka sababu, wakamkuta nguruwe pori. Mjomba wangu hajawahi kulisikia hilo jarida.

Turudi kwenye ule mkeka. Mume wangu alisikiliza yote, na alipofika kwenye lile jino, huruma ikamjaa. Akasema, "Masikini, kumbe alikuwa anaumwa."

Jamani! Mama mdogo akaacha kuosha vyombo. Mjomba akamtazama mkwe wake kwa upole kabisa.

"Na mimi naumwa gego mwaka wa tatu sasa. Nimemla nani?"

Tulicheka wote, hata yeye. Lakini kwenye basi la kurudi hakucheka. Ndipo ugomvi ulipoanzia, kati ya Kibiti na Mkuranga, kwa sauti ya chini maana abiria walikuwa wanasikiliza. Yeye anasema wanyama hawana hatia, watu wameingia kwenye makazi yao. Mimi namuuliza, nani kaingia kwa nani? Babu zangu walikuwa wanalima bonde la Rufiji kabla hakujawa na pori la akiba wala hifadhi. Yeye anasema bila uhifadhi tutawaonyesha watoto wetu picha tu. Hapo nilishindwa kumbishia, maana Selous peke yake ilihesabiwa kuwa na tembo zaidi ya laki moja miaka ya 1970, na sensa ya 2013 ikawakuta kama 13,000 tu, wengine meno yao yamekwenda ng'ambo. Nafurahi kwamba sehemu kubwa ya Selous ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Sitaki simba waishe. Nilichotaka ni mume wangu akubali kwamba huo upendo wake una anayeulipia, na anayelipa si yeye wala mtalii anayenunua picha. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta machozi cha shilingi milioni 1 kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama hatari. Kifuta machozi, jina lenyewe lilikiri kwamba si fidia.

Akanyamaza mpaka Mbagala. Na kesho yake akakaa mbele ya hadibodi, akashindwa kumchora simba.

Hapo ndipo msomaji wangu unatakiwa uelewe hali. Kulikuwa na oda ya picha kumi na mbili, zote simba, malipo ya awali tumeshakula. Anachora mwili, akifika kwenye mdomo brashi inasimama. Lile tabasamu haliji. Akijaribu kumchora mkali, mteja hamtaki, maana nani anataka kula kifungua kinywa anatazamwa na mla watu? Wiki ya kwanza nilimbembeleza. Wiki ya pili nilimwambia kwamba mjomba wangu hakumkataza kuchora, alimgeuzia picha tu. Wiki ya tatu hatukusemeshana, chakula kinawekwa mezani kama hotelini. Rafiki zangu wakanipa ushauri wa kila aina. Mmoja akaniambia nimpeleke kwa mtaalamu akazinduliwe. Mtaalamu wa nini, simba?

Ijumaa moja narudi kazini nakuta amefungasha begi. Moyo ukapiga paa. Kumbe anakwenda Dimani, peke yake, ameshaongea na Mjomba kwenye simu. Anataka kulala dunguni. Ulikuwa mwezi wa mahindi kukomaa.

Alikaa siku nne. Aliyonisimulia aliporudi ni machache, naye si mtu wa machache. Kwamba dungu linayumba ukigeuka. Kwamba usiku wa shamba una sauti nyingi, na kila moja Mjomba anaijua kwa jina, huyu komba, huyu bundi, huyu panya buku, huyo ni upepo, lala. Kwamba nguruwe humsikii akija, unasikia mahindi yanavyokatika. Kwamba alipopiga debe mikono ilikuwa inatetemeka mpaka debe likamponyoka. Simba hawakumwona wala kumsikia. Lakini nimemkagua usiku ule alipolala, miguu yote imechanwa na miiba na mkononi ana malengelenge, nikampaka mafuta, na sikumbuki tena nani alianza kumsemesha mwenzake.

Zile oda kumi na mbili alizimaliza. Simba wake sasa wamefunga mdomo, wanatazama pembeni, kama mtu anayesikiliza kitu. Mteja alilalamika kidogo, akalipa.

Ila kuna ya kumi na tatu, ambayo hakuna aliyeiagiza. Kubwa, nyeusi ya usiku, nukta nyeupe za nyota mpaka unapata kizunguzungu. Katikati kuna dungu, juu yake mzee na debe. Chini, kwenye mahindi, nguruwe pori wanakimbia, weusi wenye manyoya ya mgongoni yamesimama, mama na wanawe, wazuri ajabu. Yaani sikujua nguruwe anaweza kupendwa namna ile. Simba hayupo. Au yupo, sijui, kuna nukta mbili za manjano pembeni ambazo mume wangu anakataa kuzisema ni nini. Ilitundikwa kibandani miezi mitano. Wageni waliisifia wakanunua twiga.

Tukaipiga picha kwa simu, tukamtumia binamu yangu aliye Kibiti amwonyeshe Mjomba. Jioni simu ikaita. Mume wangu akaweka sauti nje nami nisikie.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba, mkwe. Nimeiona. Debe ni lenyewe, hata kile kibonyeo umekiweka." Akakohoa. "Lakini umekosea mkia."

"Mkia wa nani, Mjomba?"

"Wa hawa. Umewasimamishia mikia juu kama bendera. Huyo ni ngiri, ndiye anayekimbia mkia juu. Nguruwe wetu akikimbia mkia unaning'inia. Nimewatazama miaka hamsini, mimi nawajua."

Mume wangu akaanza kucheka, halafu akaacha. Akauliza mkia unaning'inia mpaka wapi, na nchani una manyoya au hauna. Mjomba akaeleza. Waliongea nguruwe mpaka salio likaisha, ikabidi nimpigie mzee kwa simu yangu waendelee. Nilipokwenda kulala nilimwacha ameitoa ile picha ukutani, ameilaza mezani, anafunika mikia mmoja mmoja kwa rangi nyeusi.