Vilima na Nchi ya Chini ya Ukambani

Mtu apitaye barabara kuu ya Mombasa huona mibuyu, miiba na udongo mwekundu, akasema kwamba Ukambani yote ni nchi ya jua. Laiti angefika Tawa, akapanda mpaka Kikima katika vilima vya Mbooni, angetafuta koti lake kabla ya kufika.

Shuleni tulifundishwa kwamba nchi zilizo karibu na ikweta ni za joto. Kitui na Makueni ziko karibu zote ndani ya digrii 3 kusini mwa ikweta, na jua lao ni moja. Kinachozitenga sehemu zake ni mwinuko. Kwa kila mita 1,000 mtu apandazo, hewa hupoa kwa digrii 6 hivi za sentigredi. Kibwezi haifiki mita 1,000 juu ya bahari, hali vilele vya Mbooni na Kilungu vyapata karibu mara mbili ya hizo. Kwa hiyo kahawa na mboga hustawi huko juu, na chini hustawi embe, mbaazi na ndengu.

Mvua nayo hufuata vilima. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi huja na mvuke; zikigonga kilima hupanda, hupoa, na kumwaga maji pale pale. Nchi ya chini hupata masazo. Tazama milima ya Chyulu, ambayo ni ya volkeno. Mvua hunyesha juu yake, wala huoni mto, kwa kuwa miamba yake ina matundu kama chujio. Maji huzama, kisha hutokeza mbali: Umani karibu na Kibwezi, Makindu, Kiboko, na Mzima katika Tsavo, ambako bomba huyapeleka mpaka Mombasa. Mtu wa pwani hunywa mvua ya Chyulu bila kujua!

Upande wa Kitui, mto Tiva huwa mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mgeni huuita mto mfu. Lakini maji yamo chini ya mchanga, mahali jua lisipoweza kuyafyonza upesi, na akina mama huchimba wakayapata.

Jambo limpotezalo mkulima mgeni ni majira. Kwingi katika Kenya mvua ya Machi hadi Mei ndiyo kubwa. Huku, ya kutegemewa zaidi ni ile ya Oktoba hadi Desemba, nayo ni fupi. Mjomba wangu alihama Kilungu akafungua shamba karibu na Kibwezi, akachukua mbegu ya mahindi ya nyumbani, iliyozoea ubaridi na kukomaa polepole. Akaipanda mwezi wa Machi, kama wenzake wa mbali walivyomshauri. Mahindi yalitoa mbelewele mvua ikiwa imekwisha, na mwaka ule alilisha watoto wake kwa kuuza mbuzi.

Wazee wa pale hawakumcheka. Walimpa mtama na kunde, na baadaye akapata mahindi ya Katumani, yaliyotengenezwa karibu na Machakos ili yakomae mapema. Tangu hapo yeye hupanda katika vumbi la Oktoba, kabla ya wingu la kwanza kuonekana.